Rafu za Septemba

Kosa langu kubwa la mwaka ule nililifanya kwa usafi. Ilikuwa Jumapili jioni, Oktoba, nimekaa sakafuni hapa Lancaster, Pennsylvania, nimezungukwa na karatasi za binti yangu za mwezi mzima. Kulikuwa na hesabu zilizofutwa mpaka karatasi ikatoboka. Kulikuwa na insha ya mistari minne yenye herufi zinazotazama kila upande, na ramani ambayo Mto Susquehanna unapanda mlima. Nikampa karatasi mpya, nikamwambia anakili vyote upya kwa mwandiko mzuri. Akanakili, akinuna. Nikapiga panchi, nikapanga kwenye faili, na zile za mwanzo nikazichana nikazitia kwenye mfuko wa takataka. Usiku ule nililala nimeridhika kabisa.

Aliyesoma shule ya msingi kwetu atanielewa. Mimi nimesoma Muheza, Tanzania, enzi ambazo daftari lilifunikwa kwa gazeti, na kurasa za mbele zilikuwa za mwalimu, za nyuma za rafu. "Rafu fanyeni nyuma huko," mwalimu alisema, na huko nyuma ndiko tulikokosea, tukajumlisha kwa vijiti, tukachora magari na kuandikiana vijembe. Mbele tulihamishia jibu tu, limenyooka, limepigiwa mstari kwa rula. Siku wakaguzi wakija, yalitolewa madaftari ya wale watatu wenye mwandiko mzuri. Muhula ukiisha tulichana zile za nyuma tukatengenezea ndege za karatasi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba rafu ni kitu cha kutunza.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba nikimsomesha mtoto nyumbani lazima niwe na faili la kazi zake, nikajua wanakuja wakaguzi.

Niseme kwa ufupi tulifikaje huko. Tulihamia mji huu katikati ya mwaka wa masomo, binti yangu akiwa na miaka saba, na katika miezi ile alinyamaza. Nyumbani alisema maneno machache, shuleni hakusema kitu. Sina wa kumlaumu, na sitaki kuirefusha habari hii. Baba yake nami tuliamua kumpa mwaka mmoja nyumbani, darasa la tatu, halafu tuone. Mimi kazini naingia jioni, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nayo. Na nilikuwa mtunza hesabu kabla sijaja huku. Nikasema, karatasi nani atanishinda?

Pennsylvania ina karatasi. Binamu yangu aliye Houston alicheka nilipomsimulia, maana Texas shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi na yeye hapeleki faili popote wala hamwandikii mtu barua. Shemeji yangu aliye Ujerumani naye alishangaa kinyume chake, kwani kule kumsomesha mtoto nyumbani ni jambo lisiloruhusiwa kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya jimbo hili. Ukiwa Florida au New York, soma sheria ya kwako.

Hapa sheria ni Namba 169 ya mwaka 1988. Kabla ya kuanza unapeleka hati ya kiapo kwa mkuu wa shule za wilaya, na baada ya hapo kila mwaka kabla ya tarehe 1 Agosti. Ndani yake unasema nani atasimamia masomo, na huyo lazima awe amemaliza sekondari. Unaeleza malengo ya kila somo, unaambatisha ushahidi wa chanjo na huduma za afya, na unathibitisha kwamba hakuna mtu mzima ndani ya nyumba aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani katika miaka mitano iliyopita. Neno kiapo lilinitisha. Kwetu kiapo ni hakimu, muhuri, na kusubiri kwenye benchi tangu saa mbili. Hapa yule mthibitishaji wa hati alitazama kitambulisho changu, akagonga muhuri, akanitakia siku njema. Hata hakusoma.

Baada ya kiapo unafundisha siku 180, au saa 900 kwa mtoto wa ngazi ya msingi, na njiani unajenga huo mkoba wa kazi. Wenyewe wanauita potfolio, na wakenya wenzetu wanalijua neno hilo vizuri sana tangu uje mtaala wa umilisi. Dada yangu aliyeolewa Mombasa hawezi kulisikia bila kuguna. Kwake yeye potfolio ni saa tatu usiku, mtoto amekumbuka kwamba kesho inatakiwa picha yake akipanda mboga, na saiba zimefungwa.

Mkoba wa huku una vitu vikuu viwili. Cha kwanza ni kumbukumbu ya masomo, na sheria inataka iandikwe wakati ule ule masomo yanapofanyika, si kukaa mwezi wa tano ukaanza kuvuta picha kichwani. Humo unataja kwa majina vitabu na maandishi mliyotumia. Cha pili ni sampuli za kazi za mtoto, alizoandika, alizochora, mazoezi yake. Darasa la tatu, la tano na la nane kuna pia mtihani wa kusoma na wa hesabu ambao mzazi haruhusiwi kuusimamia, na matokeo yake yanaingia mkobani. Mwisho wa mwaka mtathmini anaupitia mkoba, anazungumza na mtoto, kisha anaandika barua kusema kama elimu inayofaa inatolewa. Mtathmini anaweza kuwa mwalimu mwenye cheti cha jimbo, au mwanasaikolojia mwenye leseni, ila hawezi kuwa wewe wala mume wako. Barua yake inapelekwa wilayani kabla ya tarehe 30 Juni.

Barua tu. Mkoba wenyewe unabaki nyumbani. Zamani wazazi walikuwa wanalibeba faili zima mpaka ofisini kwa mkuu, mpaka ilipokuja Sheria Namba 196 ya mwaka 2014 ikawapunguzia safari. (169 ikarekebishwa na 196. Mtunza hesabu yeyote angerudi kuhakiki kama hajageuza tarakimu, na mimi nilirudi.)

Hayo yote niliyajua Oktoba ile nilipokuwa nachana rafu. Nilikuwa nimeisoma sheria kama ninavyosoma masharti ya mkopo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mtathmini anatazama hatua. Anataka kuona mtoto alikuwa wapi, na sasa yuko wapi.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Bukavu. Lancaster imepokea wakimbizi wengi, wamo Wakongomani wa kutosha, na mimi naye tulijuana kwa kusikilizana Kiswahili dukani, kila mmoja akikicheka kidogo cha mwenzake. Alikuwa na watoto wawili nyumbani, mwaka wake wa tatu. Januari nilimkaribisha chai, nikamletea faili langu kama mtu anavyoleta albamu ya harusi. Akalifungua taratibu. Somo moja, la pili, la tatu. Kila karatasi nyeupe, mwandiko umelala sawasawa, hakuna hata kosa moja. Akalifunga.

"Mama, za mwanzo ziko wapi?" akauliza. "Hapa mutoto anajua kila kitu. Sasa wewe ulimufundisha nini?"

Nilimwaga chai kidogo.

Alikuwa na haki. Kwenye lile faili, binti yangu alianza Septemba akiwa anajua, akafika Desemba akiwa anajua. Ushahidi wote wa kazi yetu, asubuhi zote zile za machozi na kifutio, nilikuwa nimeutoa nje kwenye mfuko mweusi, na gari la taka hupita Jumanne. Tena nilikuwa nimefanya kitu kibaya zaidi ambacho yule mama hakukisema: nilikuwa nimemwambia mtoto aliyenyamaza kwa kuogopa kukosea kwamba makosa yake ni takataka.

Usiku ule nilipekua nyumba. Chini ya kochi nilipata picha moja ya twiga mwenye miguu mitano. Kwenye simu ya baba yake kulikuwa na video tatu za Septemba, mojawapo anasoma kwa sauti ya chini kabisa mpaka unasikia friji inanguruma kuliko yeye. Vingine vyote vilikuwa vimekwenda.

Kilichotuokoa ni kaunta buku.

Kumbukumbu ya kila siku nilikuwa nikiiandika kwa mazoea ya kazi yangu ya zamani, kwenye kaunta buku nene niliyoipigia mistari mwenyewe: tarehe, somo, kilichotumika (mwandishi na kichwa cha kazi), maelezo. Watu huku wana programu za simu za kufanyia hivyo, na wengine wana majedwali mazuri ya kuchapisha. Mimi nilitaka kitu kisichoishiwa chaji. Na kwa vile kitabu cha hesabu hakifutwi, ukikosea unapiga mstari mmoja na kosa linabaki linasomeka, sikuwa nimeona haya kuandika ukweli. "12 Septemba. Amekataa kusoma kwa sauti. Amesoma mistari miwili, akaenda chooni, hakurudi." "13 Septemba. Mistari mitatu, kwa paka wa jirani." "20 Septemba. Kutoa kwa kukopa: makosa nane kati ya kumi. Mimi nimekasirika, yeye hapana." Kule safini nilikuwa nadanganya, na kule kwenye leja nilikuwa nasema kweli, kwa mkono ule ule, wiki ile ile.

Kwa hiyo Januari nikabadilisha mtindo. Tangu siku ile kila karatasi inaandikwa tarehe juu kulia kabla penseli haijafanya kitu kingine, na hainakiliwi. Zote zinaingia kwenye boksi la viatu. Mwisho wa mwezi mimi na binti yangu tunalimwaga boksi mezani, tunachagua karatasi moja au mbili kwa kila somo, zinazobaki zinasubiri. Yeye ndiye anayechagua moja, mimi moja. Mwanzoni yeye alichagua zenye nyota. Mimi nilichagua zilizochanganyikiwa, nikamweleza kwa nini. Kufikia Machi alikuwa akinipinga: "Hiyo siyo, mama, hiyo nilikosea kwa uvivu. Chukua hii, hapa nilikuwa kweli sijui." Ni maneno ambayo sikuwahi kuyasikia darasani, wala toka kwangu mwenyewe nikiwa mwanafunzi.

Kuna vitu havina karatasi, na hapo ndipo mkoba unapokuwa mgumu kwa watu kama sisi. Sheria inasema masomo yatolewe kwa Kiingereza. Sina ugomvi na hilo, na masomo yote yanayotakiwa tuliyafanya kwa Kiingereza, tukayaandika kwa Kiingereza. Lakini nusu ya alichojifunza mtoto huyu mwaka ule alijifunza kwa bibi yake wa Muheza, kwa simu. Hadithi za Abunuwasi, vitendawili, namna ya kusalimia mtu mzima bila kumeza maneno. Nikafungua sehemu ya mwisho kwenye faili, nyuma ya masomo ya lazima, nikaiita Kiswahili. Kwenye kaunta buku, safu ya mwandishi, nikaandika: Bibi. Safu ya kichwa cha kazi: Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Ilitokea mara kumi na nne katika mwaka. Mtathmini baadaye aliniuliza kama vitabu vya huyu Bibi vinapatikana maktaba.

Na ndani ya simu hizo ndimo ilimozaliwa hesabu bora kuliko zote. Mama yangu hupumzika jioni, baada ya kuanua nguo na kabla ya magharibi, kwa hiyo aliagiza apigiwe saa kumi na moja. Nikampa binti yangu kazi: tafuta hapa itakuwa saa ngapi. Tanzania iko mbele yetu kwa saa saba wakati wa kiangazi. Akaandika: 11 − 7 = 4. Kutoa kwake kulikuwa sahihi kabisa. Tukaweka kengele ya saa kumi alfajiri, nikamwacha, makusudi, na tukampigia. Kule ilikuwa saa tano asubuhi, mama yangu yuko sokoni na kapu mkononi, anapiga kelele, "Kuna nini? Nani anaumwa?"

Siku ile tulichora saa mbili kwenye karatasi moja. Mshale wa Muheza na mshale wa Lancaster. Akaona kwamba saa kumi na moja ya Bibi ni saa ambayo mshale unaonyesha tano, na kwamba watu wa huku wanaanza kuhesabu siku usiku wa manane, na sisi tunaanza jua linapochomoza, jambo ambalo kwake lilikuwa na akili zaidi. Kwa hiyo si 11, ni 17. Kutoa 7, inabaki 10, yaani saa nne asubuhi kwetu sisi wawili, kumi kwa jirani. Ilikuwa Septemba 18. Nakumbuka tarehe kwa sababu karatasi hiyo ndiyo pekee ya mwezi ule iliyopona, na nitaeleza ilivyopona.

Novemba saa za huku zikarudishwa nyuma, tofauti ikawa saa nane. Hakuna aliyemkumbusha. Nilimkuta ameshaandika kwenye kibandiko cha friji: 17 − 8 = 9. Bibi huwa habadilishi saa, akaniambia, wanaobadilika ni sisi.

Somo lililonichekesha nikiisoma sheria lilikuwa la moto. Katika masomo ya ngazi ya msingi, pamoja na historia ya Marekani na ya Pennsylvania, uraia, jiografia, muziki na sanaa, imeandikwa kabisa elimu ya usalama, yakiwemo mafundisho ya kila mara kuhusu hatari za moto na kuuzuia. Si mara moja kwa mwaka. Kila mara. Nikajiuliza nani aliwaunguzia nyumba watunga sheria hawa. Wiki ya kuzuia moto huadhimishwa Oktoba, kukumbuka moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871, na vituo vya zimamoto hufungua milango watoto waingie. Tulikwenda, akavaa kofia, tukapiga picha, nikadhani tumemaliza. Kumbe somo lilikuwa linakuja lenyewe. Kila nikikaanga chapati, kengele ya moshi inalia. Inalia mpaka jirani wa juu anagonga. Binti yangu akaanza kuandika: tarehe, nilichopika, imelia au haikulia. Chapati, imelia. Wali, haikulia. Samaki, imelia mara mbili. Maandazi, imelia, mama amepigapiga taulo. Hiyo ikawa sampuli ya sayansi, ya usalama, na kwa maoni yangu ya fasihi. Akachora ramani ya nyumba na njia mbili za kutokea, akaweka kipande cha mkate kuonyesha jikoni.

Kwenye historia ya jimbo tukakuta kwamba Benjamin Franklin alisaidia kuanzisha kikosi cha kujitolea cha zimamoto Philadelphia mwaka 1736, na nikashukuru, maana karatasi moja inaweza kujibu masomo mawili na hakuna sheria inayokataza. Tukakuta pia kwamba mji wetu huu uliwahi kuwa makao makuu ya nchi kwa siku moja tu, tarehe 27 Septemba 1777, Bunge likiwa limewakimbia Waingereza Philadelphia. Kisha wakaendelea na safari mpaka ng'ambo ya Susquehanna, York. Aliandika insha ya nusu ukurasa. Sentensi yake ya mwisho, nikiitafsiri: "Nadhani hawakuja kukaa, walikuwa wanapumzika kama sisi tulipofika." Hakuna nilichosahihisha hapo ingawa herufi kubwa zilikosekana.

Aprili nililikaza faili. Nilikuwa na kilo mbili za karatasi, na yule mama wa Bukavu akaniambia nusu iondoke. Mtathmini ana saa moja hivi, akasema, ukimpa gunia atafungua mdomo wa gunia tu. Tukabakiza kwa kila somo za mwanzo, za katikati na za mwisho. Za mwanzo nyingi zikawa zile nakala safi za Oktoba, na pembeni nikaandika ukweli: hii imenakiliwa, ya asili mama ameitupa. Niliona aibu kuandika, lakini ningeona aibu zaidi kutoandika. Nyuma yake nikaweka nakala ya kurasa za kaunta buku za wiki ile, ili mtu aone yale makosa nane kati ya kumi.

Ile karatasi ya Septemba 18 nilikuwa sijaipata bado. Niliipata wiki moja kabla ya tathmini, nikipika. Nilikuwa nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la unga tangu kiangazi kiishe, kwa sababu siku ile nilipompigia mama yangu alinipa vipimo vya maandazi yake na karatasi iliyokuwa karibu ni hiyo. Nikaandikia upande wa nyuma, nikaibandika, upande wa saa ukatazama mbao. Miezi minane. Niliigeuza nikaona 11 − 7 = 4, imekatwa, na saa mbili zimechorwa kwa kikombe, na tone la mafuta ya kupikia limepita katikati kama jua la tatu.

Mtathmini wetu ni mwalimu wa siku nyingi, mama mtaratibu. Alikaa mezani kwetu akapewa chai ya tangawizi, akaanza mbele. Alikuwa na haraka ya kistaarabu kwenye zile kurasa nyeupe. Akatazama matokeo ya mtihani, akatikisa kichwa kwa kukubali, akapita. Alipofika kwenye karatasi yenye mafuta akasimama, akavua miwani, akaivaa tena. Akamuuliza binti yangu hii ni nini.

Mtoto huyu, mwaka mmoja kabla, hakuwa anajibu mtu asiyemjua. Nilikaa kimya nikashika vikombe. Akasema, kwa Kiingereza, hapa nilikosea. Halafu akasema, lakini hesabu yangu ilikuwa sawa, saa ndiyo iliyokuwa si sawa. Kisha akavuta kiti karibu akaanza kumweleza kwa nini siku inaanza asubuhi na si usiku wa manane, akachora saa nyingine kwenye karatasi ya yule mama bila kuomba ruhusa. Ilichukua kama dakika kumi. Mtathmini aliuliza maswali mawili ambayo naamini hakuwa anayajua majibu yake. Sehemu ya afya na ya muziki hatukuzifika kwa utulivu, alizipitia akiwa anavaa koti.

Barua ilikuja ya ukurasa mmoja. Nikaipeleka wilayani kabla ya tarehe 30, nikapata risiti, nikaibandika kwenye kaunta buku.

Jioni tukampigia Muheza. Au tuseme asubuhi, saa nne yetu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, kashika namba ngapi?"

"Amefaulu, mama," nikadakia.

"Nimeuliza namba ngapi."

"Yuko peke yake darasani."

"Basi wa kwanza," akasema, akaridhika. "Na wa mwisho pia. Mtoto wa watu."

Nikamweleza habari ya karatasi, ya saa, na namna yule mwalimu alivyovua miwani. Akacheka sana aliposikia kwamba kupigiwa kwake simu sokoni kumo kwenye faili la serikali. Nikamwambia siyo la serikali, liko chini ya kitanda changu. Akasema vyovyote, hiyo yenye mafuta anaitaka yeye, nimtumie, ataibandika ukumbini.

Nimempigia picha nikamtumia. Ya asili nimebaki nayo, maana nyuma yake kuna vipimo vya maandazi na bado sijavikariri.